Mlango wa Kabati Upande wa Mashariki

Tarehe 9 Februari

Kwa binti yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mama yako na baba yako. Sisi hatujambo, ila miguu ya baba yako ndiyo ileile, na hofu yetu ni wewe tu huko mji wa mbali. Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie umekula nini.

Chombo kimefika. Yule fundi umeme uliyemtuma alikipandisha ngazi zote za ghorofa tano amekikumbatia kama mtoto mwenye homa, mimi nyuma yake nasema taratibu, taratibu, mpaka akageuka akaniambia, "Mama, ukisema taratibu tena nakiachia." Amekifunga katikati ya paa, palepale nilipokuwa naanika mashuka ya wateja. Kamba zangu nimezisogeza pembeni zisikizibe. Kizuri, mwanangu. Hicho kioo chake cha juu kimeviringana kama yai, na sasa jengo zima wanakiita Yai. Fundi Sindano, yule mshonaji wa chini aliyekushonea sare za shule, ameniuliza litataga lini.

Boksi lake nimelihifadhi uvunguni. Maandishi yake ya kigeni siyajui, lakini kuna picha, jua linawaka na mwavuli umelikinga. Hiyo nimeielewa. Mtu hahitaji kusoma madarasa mengi kuelewa picha. Basi usiwe na wasiwasi hata kidogo, nitakitunza kama inavyotakiwa.

Mama yako.


Tarehe 21 Februari

Mama, shikamoo.

Nakula vizuri. Wali na mboga.

Nashukuru kwa kukipokea chombo. Kazi yako ni mambo matatu tu. Kila alfajiri futa kioo kwa kitambaa laini, bila sabuni. Kila Jumamosi toa kadi ndogo iliyo ubavuni, weka ile nyingine, na hiyo uliyotoa nitumie kwa posta ndani ya barua yako. La tatu, usiguse kitu kingine.

Uliuliza kwenye simu kinafanya nini. Ndani ya kioo kuna kijicho kinachozunguka. Kila robo saa kinalitazama anga lote, kipande kimoja baada ya kingine, vipande mia moja arobaini na tano, na kuandika kila kipande kina nuru kiasi gani. Watu hudhani mwanga wote unatoka kwenye jua lenyewe. Sivyo. Anga lote linang'aa, na haling'ai sawasawa. Kila mji una anga lake, na anga la mji wenu hakuna aliyewahi kulipima.

Ni kwa ajili ya masomo yangu.

Binti yako.


Tarehe 16 Machi

Mwanangu mpenzi,

Kadi hiyo ndani, nimeifunga kwenye karatasi ya sigara ya Fundi Sindano isipate unyevu. Kama inanuka tumbaku, si mimi.

Kazi inaendelea. Nafuta kioo kwa fulana kuukuu ya baba yako, ile nyeupe laini. Halafu nakaa nacho hapo juu, nafua zangu, mpaka saa nne jua likishapanda ndipo nakusanya vitu vyangu nashuka kupiga pasi. Sijakiacha peke yake asubuhi hata moja. Nilipomweleza baba yako vile vipande mia na arobaini na tano alicheka mpaka akakohoa. Kasema, "Binti yako kaenda shule miaka kumi na minane kupima ninachopima mimi na penseli."

Unajua mambo yake. Ile penseli bapa ya uashi bado anayo. Kila asubuhi redio ikianza taarifa ya habari ya saa moja, jua linaingia dirishani, linapiga ukuta wa miguuni kwake, naye anachora mstari pale lilipogusa na kuandika mwezi. Ukuta umejaa, siwezi hata kupaka chokaa. Kisha anaiweka miguu yake kwenye hilo jua mpaka saa tatu. Ikishapata moto magoti yanakunjika, anashika ukuta, anakwenda chooni mwenyewe kama mwanamume. Siku ya mvua namburura mimi, na siku hiyo hanitazami usoni.

Jambo jingine dogo. Kwenye kile kiwanja ng'ambo ya kichochoro, upande jua linapotokea, wamekuja watu kupigilia vigingi na kuvuta kamba. Wewe uko na wasomi, hujasikia wanataka kujenga nini?

Mama yako.


Tarehe 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Kadi zote zimefika salama. Sijui habari za kiwanja.

Nina swali moja muhimu. Vipande vya mashariki vinaonyesha nuru hafifu mno asubuhi, kila siku, halafu ghafla saa nne vinafunguka. Hapa ofisini wanasema ni ukungu. Naomba uniandikie kwa mkono wako, kwa ufupi, na uweke sahihi: je, asubuhi huko kuna ukungu upande wa mashariki?

Ni muhimu sana kwangu, mama.

Binti yako.


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi husoma kwa sauti, unanijua, herufi moja moja, nikinyamaza napotea. Baba yako akaniuliza, "Ukungu gani?" Nikamwambia nyamaza, mtoto anaulizwa na wakubwa zake.

Basi naandika. Ndiyo. Asubuhi hapa kuna ukungu upande wa mashariki. Kila siku upo, saa nne unaondoka. Sahihi yangu hiyo chini.

Mwanangu, kusema kweli mimi niliuona siku moja, ile Jumanne. Lakini kama chombo chenye akili namna hiyo kinauona kila siku, mimi ni nani nibishane nacho. Macho yangu ni ya kutazama madoa ya nguo.

Inatosha hivyo? Kama inatakiwa ndefu zaidi nitaandika tena.

Mama yako.


Tarehe 6 Juni

Mwanangu mpenzi,

Leo nina habari mbili, moja mbaya na moja ya kuchekesha.

Mbaya ni hii. Kiwanjani wamesimamisha ubao wenye picha ya jengo. Fundi Sindano kahesabu madirisha, ghorofa kumi na nne. Litasimama mbele ya dirisha la baba yako kama mtu aliyekuja kudai. Jengo zima wamekaa ngazini wanalia, Fundi anasema kitambaa cheusi na uzi mweusi bila jua la asubuhi atashona vidole vyake. Mimi nikasimama nikawaambia, "Kwani mnaogopa nini? Mnajua lile Yai ni la nani? Binti yangu anapima mwanga wa anga la hapa, kipande kwa kipande. Siku ikifika atawaonyesha kwa tarakimu jua letu linatoka wapi." Wamenipigia makofi, mwanangu. Nimeona aibu, lakini nimefurahi.

Ya kuchekesha sasa. Ile Jumapili uliponipigia simu ukaniambia mashariki bado ni giza, ukungu upo au haupo, usiku sikulala, nawaza. Kisha leo asubuhi nikiwa paani nikacheka peke yangu kama kichaa. Mwanangu, si ukungu! Ni mlango wa kabati!

Ule mlango wa kabati letu la zamani ninaoufanya meza ya pasi. Kwenye boksi si kuna picha, jua na mwavuli? Nikajua chombo hakitakiwi kuchomwa. Mchana jua liko utosini, sina cha kuliziba, na jioni limepoa. Lakini la asubuhi linakipiga usoni. Basi tangu siku ya kwanza kila alfajiri nausimamisha mlango upande wa mashariki, nauegemeza kwa matofali mawili, kinakaa kivulini. Saa nne nauondoa maana nautaka kwa pasi. Kama nilivyokukinga wewe mgongoni kwa upande wa kitambaa wakati nafua.

Mama yako mjinga! Lakini afadhali imejulikana mapema. Leo nimeuondoa. Futa zile tarakimu, andika mpya, waambie wakubwa wako ni kosa la mfua nguo. Wanicheke mimi, si wewe.

Mama yako.


Tarehe 14 Juni

Mama,

Nimepokea barua yako. Isome hii hadi mwisho kabla ya kufanya lolote.

Picha ile ni ya boksi, si ya chombo. Boksi lilikuwa la dawa, ghalani walilitumia kufungia tu. Chombo cha kupima mwanga wa jua, mama, umekikinga na jua kwa miezi minne.

Sasa nikwambie na upande wangu. Si masomo. Masomo nilimaliza mwaka juzi. Ofisi yangu imeajiriwa na wenye jengo hilo, kuthibitisha kama litawanyima nyumba za jirani mwanga. Mimi ndiye niliyependekeza paa lenu, kwa kuwa una ufunguo na nakuamini. Ripoti nimeshaikabidhi tangu Mei. Inasema nuru ya asubuhi kutoka mashariki ni ndogo kiasi kwamba jengo halitaondoa kitu cha maana. Jina langu liko mbele, ni mara ya kwanza jina langu kuwa mbele.

Nikisema sasa kwamba tarakimu zote zimetokana na mlango wa kabati, nitachekwa nchi nzima. Nitafukuzwa, na hakuna atakayenipa hata rula ya kupimia.

Kwa hiyo usilizungumze. Si kwa Fundi, si kwa baba. Mlango urudishe kila asubuhi hadi mwisho wa Julai, ili miezi ilingane.

Binti yako.


Tarehe 30 Julai

Mwanangu,

Mlango niliurudisha. Nilikuwa napanda nao mapema zaidi, watu wasione.

Nilikuwepo kwenye mkutano wa lile jengo jipya. Najua uliniona, safu ya tatu, nimevaa lile gauni ulilonitumia. Nilikuletea chakula kwenye kibebeo nikijua utatoka safarini na njaa. Umekonda. Ulipopita karibu yangu nilinyanyuka, nikadhani utaniamkia, ukawa unatazama karatasi. Nikajifanya nanyoosha gauni.

Ulizungumza vizuri. Zile duara zenye rangi ukutani, hapa nyekundu, hapa bluu, sikuelewa, lakini niliona watu wanaandika. Nilijivuna, Mungu anisamehe. Kisha Fundi Sindano akasimama na kile kikaratasi chake, akasema, "Sisi tunaoishi hapa tunaona jua kila asubuhi kwa macho yetu. Kuna mgonjwa ghorofa ya tano ameliandika ukutani kwa penseli miaka minne." Ukumbi ukacheka. Wewe hukucheka. Wewe ulitoa karatasi.

Ukasema, "Mtunzaji wa chombo, mkazi wa jengo hilohilo, ametoa ushahidi wa maandishi." Ukaisoma. Ndiyo. Asubuhi hapa kuna ukungu upande wa mashariki. Kila siku upo. Ukaacha palepale, hukusoma habari ya Jumanne. Ukainua juu waone sahihi. Sahihi yangu ile kubwa kama ya mtoto, jengo zima wanaijua, ndiyo ninayoweka kwenye vifurushi vya nguo zao.

Mtunzaji wa chombo. Sikujua kama nina cheo.

Chakula nilirudi nacho. Ngazini hakuna aliyeniuliza kibebeo ni cha nani.

Kadi ya mwisho hiyo ndani.

Mama yako.


Tarehe 9 Agosti

Mama,

Naelewa umeumia. Lakini hapakuwa na namna nyingine, na kusema wewe ni mama yangu kungeharibu kila kitu. Sikudanganya, nilisoma ulichoandika mwenyewe.

Ujenzi utaanza wiki ijayo. Nimemtumia baba taa maalumu. Wataalamu wanasema nuru yake inafanana na ya mchana. Aiweke miguuni saa moja hadi saa tatu.

Kata shauri la kuhamia kwangu baadaye, nikipata nyumba kubwa.

Binti yako.


Tarehe 20 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Siku hizi unaandika kwa haraka, hata salamu inakuponyoka, najua ni kazi.

Taa ilifika, nzuri, nyeupe. Baba yako niliiwasha akaitazama, akasema, "Izime, inanitazama kama daktari." Nimeiweka juu ya kabati lisilo na mlango.

Wanajenga usiku na mchana, mpaka Jumapili. Mwisho wa Septemba walifika ghorofa ya tano, sawa na sisi. Kuna mfanyakazi mmoja alinipungia mkono, kijana mchangamfu, nikampungia. Wako ya saba sasa. Saa moja taarifa ya habari inasomwa na ukuta mtupu. Baba yako penseli anaishika tu. Jua sasa tunalipata saa tano, kidogo, linapita mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Magoti hayakunjiki. Nambeba kila siku. Si mzito, amepungua.

Nguo hazikauki, zinavunda, na wateja hawaleti. Lakini hata kabla hazijavunda walishaacha kuleta. Fundi Sindano nikimsalimu anasema, "Samahani, sikuoni, kuna ukungu." Watoto wake wamejifunza, nao wananiambia hivyohivyo. Mimi nacheka nao, nitafanyaje.

Sasa nikwambie hili, usikasirike. Ile barua yako ya Juni niliisoma kwa sauti kama kawaida yangu. Nilidhani baba yako kalala. Hakulala. Amenyamaza nayo miezi minne, juzi akamwita Fundi akamwambia yote, mlango wa kabati, boksi la dawa, yote. Fundi amekwenda kwa wakili. Wakili kasema maneno ya mgonjwa ni maneno, lakini iwapo barua yenyewe ipo, kwa mwandiko wako, ujenzi unasimamishwa hapohapo ghorofa ya saba na inawezekana wakabomoa za juu.

Wote sasa wananisalimu tena. Asubuhi nimekuta mzigo wa nguo chafu mlangoni, hata sijaomba.

Nifanye nini, mwanangu? Niambie kitu chochote. Niandikie kama mtoto anavyomwandikia mama yake.

Mama yako.


Tarehe 1 Novemba

Kwa mtunzaji wa chombo, ghorofa ya tano,

Kipindi cha upimaji kimekwisha. Unaombwa kurudisha chombo kikiwa kamili, ndani ya boksi lake, pamoja na kadi zilizobaki na barua zote ulizotumiwa kuhusu kazi hii, hasa ya tarehe 14 Juni, ambayo ni mali ya ofisi.

Fundi umeme atakuja kuvichukua tarehe 12.

Mpimaji Mkuu.


Tarehe 11 Novemba

Kwa binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo.

Barua yako imefika, imepigwa chapa, na muhuri chini. Niliisoma kimya safari hii, imenichukua asubuhi nzima. Nimefurahi kuona umepanda cheo, Mpimaji Mkuu. Nilimwambia na baba yako.

Juu ya ile barua ya Juni, usihangaike tena. Jumatatu walikuja, Fundi Sindano na wakili na majirani wengine wanne, wamejaa chumba. Wakili mtu mpole, akasema, "Mama, tunakuomba tu." Mimi nilikuwa napiga pasi, ile yangu ya mkaa. Baba yako kitandani akasema, "Mpe." Ameishi nami miaka thelathini na saba, hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Akasema tena, "Mama watoto, mpe. Miguu yangu hiyo."

Nikasema, ngojeni, ipo kwenye kopo. Nikaitoa. Waliiona, mwanangu, nataka ujue kwamba waliiona. Wakili alishanyoosha mkono. Nikafunua pasi nikaitia humo. Karatasi nyepesi, hata moshi haukuwa wa kutosha. Nikafunika, nikaendelea na shati lililokuwa mezani, maana lilikuwa limelowa na lingekunjamana. Lilikuwa la Fundi mwenyewe. Lilinyooka vizuri.

Fundi alilichukua likiwa bado la moto, akalivaa hapohapo juu ya jingine, akatoka. Hakuna aliyenitukana. Nilitamani wanitukane.

Ikafika jioni. Baba yako akanipa ile penseli. Akasema, "Itie kwenye boksi. Mpelekee, yeye ndiye mpimaji." Halafu akaniomba nimgeuze auangalie ukuta wa upande wa pili, ule usio na mistari, na huko ndiko alikoelekea mpaka leo. Penseli utaikuta, nimeifunga kwa ile fulana yake nyeupe, imekwisha lakini inaandika.

Chombo kiko kamili. Nimekifuta, bila sabuni. Wala usiogope kwamba kimeungua, nimekiweka kwenye boksi lake lilelile la dawa, lenye jua na mwavuli. Najua sasa picha ile haikuwa yake. Lakini tangu walipofika ghorofa ya saba sijausimamisha tena mlango, hakukuwa na haja. Tangu hapo jua la asubuhi halijakigusa hata siku moja. Nimekitunza kama ilivyotakiwa.

Niandikie umekula nini.

Mama yako.